Karani wa Mama

Kila alasiri akitoka shuleni, Christelle, binti wa miaka kumi na miwili, aliokota barua zilizotumbukizwa ndani kupitia tundu la mlango wao huko Rågsved, kusini mwa Stockholm. Mama yake, Spéciose, aliyesafisha maofisi, hakujua kusoma Kiswidi. Basi barua za daktari, za shule na za mwenye nyumba zote alizisoma binti, na kwa kweli kazi hiyo ilimvimbisha kichwa kidogo.

Mwezi wa Oktoba ilifika barua waliyoingojea miaka miwili. Ilihusu baba yake, Évode, aliyebaki katika kambi ya wakimbizi huko Tanzania. Christelle aliisoma kimyakimya. Ombi la baba kuja Sweden limekataliwa. Wakitaka kukata rufaa, wana wiki tatu. Mama alikuwa amesimama mbele yake, hata koti la kazi hajavua.

"Wanasema nini?" akauliza.

"Inte än," Christelle akajibu. Bado. Alizoea kujibu kwa Kiswidi alipotaka mazungumzo yaishe. Hakuweza kuvumilia kumwona mama akilia. Akaificha barua begini na kujiambia kwamba atamweleza Jumamosi. Jumamosi ikaja ikapita, na nyingine vilevile.

Shuleni walikuwa wakisoma juu ya Misri ya kale. Mwalimu wao, Gunilla, alichora ngazi ubaoni: juu Farao, chini yake makuhani na wakuu, kisha makarani, mafundi, wakulima, na mwisho kabisa watumwa. Christelle alifurahi kuona makarani wamewapita wakulima. Akasema kwamba nyumbani kwao karani ni yeye.

Gunilla akatabasamu, akaeleza kwamba mkulima hakujua kusoma. Shayiri yake ilipopimwa kwa ajili ya kodi, aliyajua yaliyoandikwa kwa kinywa cha karani tu. Akidanganywa, hakuwa na njia ya kujua.

Christelle hakusikia yaliyofuata. Alihesabu siku tangu barua ifike, akapata ishirini na tano. Aibu ikamshika, na hofu kubwa zaidi ya aibu.

Alipofika nyumbani alimweleza mama yote. Mama hakumgombeza. Alivaa koti, wakaenda kwa Papa Bonaventure, mzee Mkongomani wa kanisani kwao aliyezoea mambo ya makaratasi. Mzee alipiga simu idara ya uhamiaji, akasikiliza, akaiweka chini. Muda umepita, akasema. Rufaa haipokelewi tena. Itabidi waombe upya, na foleni ni ya mwaka na zaidi, bila ahadi yoyote.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," akasema taratibu. "Lakini Mama Christelle, hata sisi wakubwa tumekosa. Mzigo huu tuliutwika mtoto. Barua kama hizi sasa mniletee mimi."

Njiani Christelle aliomba msamaha huku akilia.

"Nimekusamehe, mwanangu," mama akasema, "ila msamaha wangu hauwezi kumleta baba yako. Ungenisomea ukweli ningelia siku moja, kesho yake ningeamka nikaipigania rufaa. Ukiwa macho ya mtu, usimchagulie cha kuona." Kisha akaongeza kwamba baba atakapopiga simu, Christelle ndiye atakayemwambia, yote kama yalivyoandikwa.

Jumapili simu ikalia. Sauti ya baba ilikuwa na furaha. Aliuliza, kama alivyouliza kila wiki, kama ile barua imeshafika.

"Imefika, baba," Christelle akasema, akaanza kumsomea.