Sindano Yumo Ndani ya Nyumba Yangu

Kachu.

Komeo la stoo. Nililisikia gizani, saa kumi na moja alfajiri. Nikapapasa upande wa mume wangu, shuka baridi. Siku ya nne mfululizo.

Stoo ndiyo ofisi ya Baba Kipusa. Humo ana seva yake, kompyuta isiyozimwa, inayobeba tovuti za wafanyabiashara kumi na wawili. Muuza viatu, mpiga picha, na mshonaji wa magauni ya harusi wanayemwita Sindano, mrembo mpaka inakera.

Simu ya mume wangu ikatetemeka juu ya stuli. Sikutaka kusoma. Uongo, nilitaka.

"Fundi, mkeo usimwambie kwanza. Mimi nitavumilia tu. Sindano."

Masikio yakawaka moto.

Mimi nasoma mambo ya mitandao darasa la jioni, Jumanne na Alhamisi. Mwalimu alitufundisha kwamba kila anayeingia kwenye tovuti huacha anwani ya alikotokea. Nikafungua laptop pale pale kitandani, nikaingia kwenye orodha ya seva ya wanaoingia, nikaruka moja kwa moja mpaka Jumanne. Sindano, kaingia kwa jina lake, saa moja na robo jioni. Alhamisi, saa moja na nusu. Jumanne tena. Saa zangu za darasa! Na anwani aliyotokea ni ile ile, mstari kwa mstari: ya ruta yetu, kisanduku cha intaneti kilichopigiliwa ukutani sebuleni.

Nikaenda stoo pekupeku.

"Akija anakaa wapi?"

"Nani?"

"Sindano wako. Kwenye kochi langu, au humu humu?"

"Mama Kipusa, umeota?"

"Nimesoma!" Nikamtupia laptop mapajani. "Hiyo anwani ni ya nani?"

"Ya ruta yetu."

"Basi alikuwa ndani ya nyumba yangu, kwenye intaneti yangu, mimi niko darasani nakodolea ubao!"

Akaifunika laptop taratibu, akaiweka kando.

"Sema basi!"

"Nitakueleza, lakini si leo. Subiri mtihani wako upite, Ijumaa."

"Kumbe hata kuniacha mna ratiba?"

Nikarudi chumbani, nikashusha sanduku. Nguo zangu, nguo za Kipusa, bila kukunja. Nikampigia dada yangu.

"Dada, njoo utuchukue. Mimi na mtoto."

"Amekupiga?"

"Analeta mwanamke nyumbani. Ushahidi ninao, una tarehe na saa."

"Umemwona?"

"Nimeona anwani yake."

"Sikuulizi anwani. Umemwona kwa macho?"

"Hapana."

"Mdogo wangu, wivu ukikosa macho huokota chochote njiani. Kabla sijakaa saa sita kwenye basi, hakikisha."

Nikataka kumkatia simu. Lakini mwalimu naye husema hivyo hivyo: usikiamini kipimo mpaka ukijaribu kwa kitu unachokijua.

"Dada, uko kwako?"

"Niwe wapi saa hizi? Nipo kitandani, shemeji yako anakoroma."

"Fungua tovuti ya Sindano kwa bando lako."

"Magauni ya harusi alfajiri hii! Nani anaolewa?"

"Fungua tu, jamani."

"Haya, nimefungua. Hee! Hili la lesi zuri!"

Nikatazama orodha. Mstari mpya, dakika ile ile. Anwani: ya ruta yetu.

Dada yangu, aliye mwendo wa saa sita kwa basi, seva inaapa kwamba yumo sebuleni kwangu.

"Nimefungua. Sasa nini?"

"Nitakupigia, dada."

Nikakaa juu ya sanduku, ndipo nikakumbuka. Wiki tatu nyuma, tovuti zilikuwa zinafunguka huko nje, lakini ukiwa humu nyumbani hazifunguki. Nikaingia kwenye ruta nijaribu somo letu la NAT, yaani namna ruta inavyobadilisha anwani za wanaopita kwake. Nikaiagiza iweke anwani yake yenyewe kwa kila anayekwenda kwenye seva. Zikafunguka! Baba Kipusa akanibeba juu juu, akasema nyumba hii sasa ina mafundi wawili.

Ila sikuiambia iwafanyie hivyo watu wa ndani tu. Nilisema kila mtu. Kila mgeni kutoka popote akavalishwa anwani ya nyumba yangu. Ushahidi wote niliutengeneza kwa kidole changu mwenyewe.

Nikarudi stoo polepole.

"Ulijua ni mimi?"

Akakuna kichwa. "Tangu Jumamosi. Sindano alilalamika kwamba tovuti yake inaonyesha mgeni mmoja tu, amerudi mara mia nne. Akaniuliza, huyu mtu ana harusi ngapi?"

Kicheko kikanikaba, nikakimeza.

"Na hukuniambia?"

"Ulifurahi mno siku ile. Nakujua, ukisikia umekosea wiki ya mtihani, utaacha darasa. Nikawa naamka nitafute dawa kimya kimya, na alfajiri hii ndiyo kwanza nimeipata. Nikiondoa agizo lako, humu ndani tovuti hazifunguki, ungegundua. Sindano mwenyewe ndiye aliyesema nisikwambie."

"Na Jumanne na Alhamisi?"

"Sindano hufunga duka saa moja kila siku, ndipo apakie picha kwenye tovuti yake. Tazama Jumatatu. Tazama Jumatano. Wewe ulitazama siku ulizozitaka."

Nikatazama. Siku zote alikuwepo.

"Ningeondoka, Baba Kipusa. Sanduku limejaa."

"Na mimi ningekuangalia tu, nimenyamaza kama gogo. Huo ndio ujinga wangu."

"Usinifichie makosa yangu tena. Mimi si mtoto."

"Sawa. Na wewe uliza kabla ya kupanga sanduku."

"Nitauliza. Kwa ukali, lakini nitauliza."

Akasimama, akanisogezea kiti. "Haya fundi, rekebisha."

"Mimi?"

"Aliyeharibu ni nani?"

Nikakaa. Mstari mmoja tu ndio uliokuwa unakosekana: wanaotoka ndani ya nyumba hii wabadilishiwe, wa nje waachwe na anwani zao. Nikahifadhi. Nikafungua tovuti kwa laptop yetu, ikafunguka. Nikampigia dada, akafungua tena. Safari hii ikaja anwani ngeni, ndefu, ya kwake mwenyewe.

"Dada, umeshatoka sebuleni kwangu."

"Nilifika saa ngapi? Na hilo basi, nipande nisipande?"

"Usipande."

Nikaandika kwa Sindano: "Dada, nisamehe. Idadi ya wageni wako imerudi sawa. Aliyeivuruga ni mimi."

Jibu likaja papo hapo: "Usijali, mama. Ijumaa nenda ukafaulu."

Nikageuka nimsomee Baba Kipusa. Alikuwa ameelekea rafuni, anajifuta macho kwa mkono wa shati, akidhani sioni. Nikamvuta kwa shati hilo hilo mpaka kichwa chake kikatua begani kwangu.

Mlangoni akasimama Kipusa, blanketi linaburuzika, nywele zimesimama. Akatutazama mmoja mmoja.

"Mama amekaa kwenye kiti cha baba," akasema.