Jina Nyuma ya Tiketi

Claire alizoea kuchoka kabla ya siku kuanza. Jua likichomoza, yeye alikuwa tayari Kabuta, kando ya ziwa Mweru, akingoja mitumbwi ilete chisense, wale samaki wadogo wa kukausha. Alinunua beseni moja, akalifunga kwenye baiskeli ya kukodi, akaisukuma njia yote ya mchanga mpaka kwenye makao ya wakimbizi. Huko alianika samaki na kuwauza kwa kikombe.

Hakuzaliwa huku Zambia. Alivuka kwa boti kutoka upande wa Kongo mwaka 2017, pamoja na mume wake Gustave na binti yao Plamedie. Walipokelewa Kenani, kambi ya muda, kisha wakapewa kipande cha shamba kwenye makao. Zamani Gustave alikuwa mvuvi mwenye mikono ya chuma. Sasa alikuwa na ngiri. Tumbo lilivimba chini, na akiinua kitu kizito alilia kama mtoto. Daktari alisema apasuliwe. Kila mwezi hospitalini walisema, mwezi ujao. Gustave alikaa mlangoni akimenya mihogo, na Claire alisukuma baiskeli.

Jumamosi moja alipita Nchelenge, kwenye duka la Kalaba, ambaye kwa heshima ya huku huitwa Ba Kalaba, kununua chumvi na sabuni. Ba Kalaba alitafuta sarafu kwenye droo, akakosa.

"Mama, chenji haiko. Kamata hii tiketi ya loto."

"Miye nataka franga, pesa yangu. Karatasi nitapika?"

"Chenji inaisha, mama. Kamata tu. Labda utashinda."

Claire hakuwa na nguvu ya kubishana. Aliifunga tiketi kwenye pindo la kitenge na kuondoka.

Wiki iliyofuata alipita tena. Ba Kalaba alimwita kabla hajafika mlangoni. "Mama Plamedie! Ile tiketi iko wapi?"

Claire alifungua pindo. Ba Kalaba alilinganisha namba za tiketi na namba zilizobandikwa ukutani. Alizisoma mara moja, akazisoma tena kwa kidole. Kisha akatoa simu, akaipiga picha tiketi, akaanza kupiga kelele.

"Elfu mia tano! Kwacha elfu mia tano! Mwenye kushinda ni mama wa chisense! Ni duka yangu iliuza!"

Watu walijaa. Wengine walimkumbatia, wengine walimtazama tu. Claire aliketi juu ya gunia la mahindi. Hakucheka. Wazo la kwanza lililomjia lilikuwa hili: na nguvu ya kubeba jambo hili nitaitoa wapi?

Alipofika nyumbani, habari ilikuwa imemtangulia. Watu asiowajua walikuwa wameketi uani, wakimwita dada. Gustave alikuwa amesimama, mkono mmoja ukishika tumbo.

"Ni kweli?"

"Banasema ni kweli."

Kabla hajavua viatu, simu ililia. Mwanamume mwenye sauti ya upole alimwita kwa jina. Alisema anatoka kwenye kampuni ya bahati nasibu.

"Hongera, mama. Pesa yako iko tayari. Tuma kwanza kwacha elfu mbili ya kufungua mufuko. Na utupe namba ya siri ya simu yako, tuingize pesa leo leo."

"Elfu mbili sina."

"Azima kwa majirani, mama. Ukichelewa, tiketi itakufa."

Claire alisema atapiga yeye. Gustave alikuwa amekwisha kumtazama mbuzi wao, akipima bei yake.

Jioni ile alikuja Ba Davies. Huyu alikuwa Mzambia wa Kabuta, mchuuzi wa samaki, na rafiki yao wa kweli. Mwaka uliopita, Gustave alipozidiwa, Davies ndiye aliyempakia kwenye baiskeli na kumfikisha kliniki. Aliketi, akanywa maji, akasema taratibu.

"Mama Plamedie, sikia. Weye ni mukimbizi. Ku Lusaka batakuuliza kadi ya Zambia. Hauna. Batasema hii tiketi uliiba. Nipe miye. Miye niko na kadi. Nitaenda, nitakamata pesa, nitakuletea. Utanipa kidogo tu ya safari."

Alipoondoka, mume na mke waliingia ndani.

"Tumupe Davies," alisema Gustave. "Niko nachoka, Claire. Batu banajaa mu lupango, uani kote, simu inalia. Tumupe, imalizike."

"Na miye niko nachoka."

"Njo maana ninasema tumupe."

"Akipotea nayo?"

"Davies? Davies hawezi."

"Pesa yote ile, Gustave. Miye mwenyewe sijue kama niko yule wa jana."

Asubuhi Claire hakwenda Kabuta. Aliifunga tiketi kifuani, akaenda Nchelenge, kwenye chumba kidogo karibu na soko ambako Towela hufanya kazi ya kusaidia watu katika mambo ya sheria. Watu humpelekea kesi za mashamba, mirathi na vyeti vya watoto. Towela ni Mzambia, lakini mama yake aliuza samaki pamoja na Wakongo. Kiswahili alikipata sokoni, tangu utoto.

Claire hakusema jambo lake. Alianza kulia. Towela alifunga mlango, akamwachia muda, akampa maji.

"Ni mambo ya loto," alisema Towela. "Niliona picha ya tiketi kwenye simu. Inazunguka mpaka Mansa."

"Ba Kalaba njo alipiga picha."

"Alifurahi, hakufikiri. Lakini namba zote zinaonekana, na mutu mubaya anaweza kutengeneza tiketi ya bongo, ya uongo, na zile namba. Yako iko wapi?"

Claire aliitoa. Towela hakuipokea.

"Ishike weye mwenyewe. Igeuze. Unaona musitari ule wa nyuma? Andika jina yako pale, sawa vile iko kwenye kadi yako ya mukimbizi. Tia na namba ya kadi. Tia sinyatiri, sahihi yako."

"Sasa?"

"Sasa hivi. Tiketi bila jina ni kama pesa iliyoanguka mu njia. Mwenye kuiokota atasema ni yake."

Claire aliandika polepole. Hakuwa ameandika jina lake kamili tangu siku walipoandikishwa Kenani. Herufi zilipinda, lakini zilisomeka. Kisha Towela akamwambia aipige picha pande zote mbili kwa simu yake mwenyewe. "Ya kutunza. Usitumie mutu. Hata pasta."

"Mutu alinipigia simu," alisema Claire. "Anataka elfu mbili, na namba ya siri."

"Ulimupa?"

"Bado. Gustave alitaka kuuzisha mbuzi."

Towela alishusha pumzi. "Mwizi, mama. Mwenye kushinda halipi pesa ili alipwe pesa. Kama kuna kodi, kampuni inaikata yenyewe mbele ya kukupa. Na namba ya siri hakuna biro, hakuna ofisi itakuuliza. Hakuna. Ukisikia mutu anaiuliza, kata simu."

"Na Ba Davies?" Claire alieleza yote.

Towela alifikiri kabla ya kujibu. "Sijue roho ya Davies. Labda iko safi. Lakini akiweka jina yake, mbele ya sheria pesa ni yake. Akikufa mu njia, ni ya bibi yake na batoto. Akibadilisha roho, utamushitaki na nini?"

"Lakini miye ni mukimbizi. Batanilipa?"

"Tusibahatishe. Tuulize."

Towela alisoma nyuma ya tiketi, Claire akiishika. Palikuwa na namba ya simu ya kampuni na muda wa mwisho wa kudai. Muda ulikuwa haujapita. "Namba hii ya kwenye tiketi njo tutapiga," alisema, "si ile ya mutu aliyekupigia." Alipiga, akaweka sauti ya wazi ili Claire asikie. Aliongea Kiingereza, akasubiri, akaongea tena. Kisha akageuka.

"Banasema kadi ya mukimbizi iliyotolewa na serikali banaikubali. Tiketi yenyewe, kadi, na konti ya banki yenye jina yako. Na uende weye mwenyewe ku biro yao ya Lusaka. Hakuna wa kutumwa."

Claire aliegemea ukuta. Moyo ulitulia kidogo. Bado palikuwa na njia ndefu.

Na ndefu ilikuwa. Benki iliomba barua ya ofisi ya makao. Ofisi ya makao ilikuwa na foleni. Kisha walihitaji ruhusa ya kusafiri. Siku zile zote Claire aliendelea kusukuma baiskeli ya samaki, kwa sababu watu wanakula kila siku. Tiketi aliiweka kwenye mfuko wa plastiki, ndani ya kopo, mahali walipopajua yeye na Gustave tu. Aliyeuliza aliambiwa, "Tunangoja." Yule mwizi alipopiga tena, Claire alikata simu. Hakupiga mara ya tatu.

Davies alipokuja, Gustave ndiye aliyemjibu. "Asante, ndugu yangu. Kampuni inataka mwenye tiketi. Tutaenda siye benyewe." Davies alichukua kofia yake, akaenda. Iliwauma Claire na mumewe.

Walipanda basi la Lusaka kupitia Mansa. Gustave alikataa kubaki. "Towela alisema uende na mutu unayemwamini. Ni nani mwingine?" Kila shimo la barabara lilimfanya aume meno. Claire alimshika mkono na hakulala.

Nje ya ofisi ya kampuni, kijana mwenye shati safi aliwakaribia. Kwa asilimia kidogo, alisema, angewapitisha haraka. Claire alikuwa amechoka hata hakukasirika. Alipita kando yake kama mtu anayepita jiwe.

Ndani, mwanamke wa mezani aliichukua tiketi akaitazama kwa muda. Alimwita mwenzake. Walinong'ona.

"Mama," alisema yule mwenzake, aliyejua Kiswahili kidogo, "juzi mutu alikuja na tiketi ya namba hizi. Anasema ni yake."

Claire alishika ukingo wa meza.

"Ilikuwa na jina?" aliuliza.

"Hapana. Nyuma ilikuwa nyeupe. Na karatasi haikuwa ya kwetu. Alipoombwa aseme alinunua duka gani, alitoroka." Aligeuza tiketi ya Claire, akasoma jina, akaliweka kando ya kadi. "Weye ulinunua wapi?"

"Nchelenge, ku Ba Kalaba. Sikununua. Alikosa chenji."

Mwanamke wa mezani alipotafsiriwa jibu hilo alicheka, na ni hapo tu Claire alijua kwamba watalipwa. Alipewa risiti yenye mhuri. Waliuliza kama wanaweza kumpiga picha kwa ajili ya gazeti. Claire alisema hapana, na hakuna aliyemlazimisha. Kodi ilikatwa. Iliyobaki iliingia benki kwa jina lake baada ya siku chache. Hawakubeba hata noti moja kwenye basi.

Towela alikuwa amemwonya kwamba kazi nyingine ingeanza sasa, na ilianza. Ndugu wa mbali walikuja. Mmoja alisema moyo wa Claire umekuwa jiwe. Yeye alirudia maneno waliyokubaliana na Gustave: "Mwaka huu pesa inalala. Mugonjwa apone kwanza." Aliyekuwa na mtoto wa kulipiwa shule, Claire alimsaidia. Aliyetaka pikipiki, alimpa chai tu. Wengine walikasirika, na hasira yao ilimchosha kuliko beseni la samaki. Lakini pesa haikutawanyika.

Gustave alipasuliwa hospitalini. Alipona taratibu, na siku moja Claire alimwona akiinua ndoo ya maji bila kushika tumbo. Alikimbia kumgombeza. Alipofika kwake, akashika tu upande mwingine wa ndoo.

Walipotulia, walinunua mashine ya kusaga. Watu wa makao walikuwa wakibeba mihogo mikavu mwendo mrefu kutafuta mashine. Sasa walileta hapo, na Plamedie, aliyekuwa amemaliza shule, alishika kazi ya kupima. Pesa nyingine ilibaki benki. Claire aliacha kwenda Kabuta. Wiki nzima ya kwanza alilala mchana, na hakuna aliyemwamsha.

Mchana mmoja Davies alikuja na baiskeli, nyuma amefunga gunia la mihogo. Hakuwa amekanyaga hapo tangu siku ile. Alingoja zamu yake pamoja na wengine. Unga ulipotoka, Claire mwenyewe alimshikia mdomo wa gunia, naye akalifunga kwa kamba. Walikuwa wamejaa vumbi jeupe mpaka nyusi.

"Mama Plamedie," alisema Davies bila kumtazama, "ungelinipa, ningekuletea yote."

Claire alimtazama. Aliona mtu aliyechoka, mwenye uso mzuri, aliyemsukuma mumewe kwenye mchanga mpaka kliniki.

"Labda, Ba Davies. Sasa hatuna lazima ya kujua."

Davies alikaza kamba ya gunia. Kisha akacheka kidogo, akajifuta unga usoni. Gustave alitoa kigoda nje, akakiweka kivulini kando ya chake, akamwita akae.