Korneti ya Stanslaus

Jua lilikuwa linazama niliposhuka kwenye bodaboda Buhemba. Bendi yetu ya kanisa pale Nyasho ilikuwa na mazishi kesho yake, na korneti yangu ilikuwa imepasuka bomba. Mchungaji akanielekeza nikaazime kwa Mama Marieta, mjane wa Stanslaus, mpulizaji wa zamani.

"Ipo," alisema mama, akikohoa. "Ingia, mwanangu."

Ilikuwa kitandani, kwenye chumba kisicho na dirisha. Sijawahi kushika chombo kizuri vile. Fupi kuliko tarumbeta, bomba lake limekunjwa likajizungusha. Imepakwa fedha, na mdomo wake mpana umechorwa maua kwa mkono. Vitufe vyake vitatu vya lulu vilikuwa vimelika katikati, kwa vidole vya mtu mmoja.

Stanslaus alikufa mwaka juzi. Lakini vali, zile pistoni chini ya vitufe, zilikuwa na mafuta mabichi.

Na kipulizio kilikuwa na mate.

"Nani anapulizaga hii, mama?"

"Jaribu kwanza," alinong'ona. Akatoka, akavuta mlango. Nikasikia komeo.

Nilipuliza noti moja.

Haikutoa sauti. Ilivuta.

Pumzi ilinitoka... ikaendelea kunitoka. Midomo iling'ang'ania chuma. Vitufe vikaanza kushuka vyenyewe, na vidole vyangu juu yake. Chumba kikanuka udongo mbichi. Ndipo wimbo ukasikika, taratibu.

Ulitoka chini ya sakafu.

Nikaupiga mlango mateke.

"Vumilia kidogo," Mama Marieta alinong'ona kwa nje. "Shimo la dhahabu lilimfukia. Hawakumtoa. Anaombaga hewa tu, kila jioni. Mimi kifua kimechoka..."

Macho yalianza kuingia giza. Mkono wa kushoto ulikuwa bado unanitii. Nikashika kile kipande cha bomba tunachovutaga kusawazisha sauti. Nikakichomoa chote.

Midomo ikaachia. Nikaanguka.

Ndani ya bomba lililobaki wazi, mtu alikohoa mchanga. Halafu kucha zikakwaruza.

Mlango ukafunguka. Mama alinipita bila kuniangalia, akakirudisha kipande mahali pake, akaiweka korneti mdomoni. Alikuwa analia. Kwa mkono alinionyesha njia.

Nilikimbia.

Mwezi uliofuata Mama Marieta alizikwa. Kifua, walisema. Wanawe wakaileta korneti kwenye bendi yetu, kumbukumbu ya wazazi wao. Nilimweleza mchungaji yote, nikamwomba ikafukiwe. Akaiombea, akaifungia kabatini. Chombo kama kile, alisema, hakifukiwi.

Jumapili iliyopita nilichelewa mazoezi. Nilipoingia kanisani, kabati lilikuwa wazi. Euphrasia, mpulizaji wetu mgeni, alikuwa amekaa benchi la mbele, uso umempauka. Aliitoa korneti mdomoni kwa shida.

"Kaka Eliud," aliuliza polepole, "mbona hii inavuta?"

Kabla sijamfikia, ilikuwa imerudi mdomoni mwake.

Na chini ya saruji, wimbo ukaanza.