Tumbo la Kache na Kibuyu cha Mnazi

"Vuta pumzi ndani," Cynthia alisema.

"Nimevuta."

"Hiyo ni ya kwanza. Nataka na ile ya akiba."

Kache akavuta na ya akiba. Cynthia akampachika goti mgongoni, akakaza mkanda kama mtu anayefunga mzigo wa makuti kwenye baiskeli, na kulabu ya mwisho ikaingia. Mkanda ulikuwa na safu tatu za kulabu, na kila safu ilikuwa imeingia kwa matusi yake.

"Unaweza kuongea?"

"Kidogo."

"Kukaa je?"

"Tutajua huko huko."

Nje, gari la wakwe lilikuwa limeshaingia uani, pale nyumbani kwao Tezo. Wazee wa kina Mwaringa walishuka mmoja mmoja wakipangusa vumbi la Magarini, na wa mwisho kushuka alikuwa Mwaringa mwenyewe, mchumba wa Kache, amekumbatia kibuyu cha mnazi, ile pombe ya posa, kama kitoto kichanga. Kache alichungulia dirishani, moyo ukamruka. Kitu pekee kilichoweza kuruka mwilini mwake saa hiyo kilikuwa moyo, maana kwingine kote kulikuwa kumefungwa.

Sasa nikwambie mkanda ulitoka wapi, usije ukadhani Kache ni mtu wa mapambo. Kache ni fundi cherehani pale steji ya Gede. Futi hukaa shingoni mwake kutwa, na kiuno cha kila mwanamke kuanzia Gede hadi Watamu anakijua kwa inchi. Kiuno kimoja tu hakuwahi kukipima, na mwenye kiuno hicho ni yeye mwenyewe.

Miezi miwili kabla ya siku hiyo alikuwa sokoni akichagua nyanya, akakutana na Shangazi Pola, shangazi yake Mwaringa. Kache akaamkia kwa adabu, magoti yakakunjwa ipasavyo. Shangazi hakuitikia marahaba. Aliweka kiganja juu ya tumbo la Kache, akalipapasa kama anayechagua papai, akauliza:

"Ni wa mwezi wa ngapi huyu?"

Kache alicheka akidhani ni utani. Shangazi hakuwa na utani. Alianza kuhesabu kwa vidole, pale pale mbele ya muuza nyanya, kwamba Mwaringa amekwenda kuchomelea vyuma kwenye mashamba ya chumvi huko juu ya Magarini tangu Januari, na hajarudi, na vidole vyake vinagoma kukubaliana na tumbo hili.

"Mimi nitakuja siku ya mnazi," alimaliza. "Macho ninayo."

Basi. Kuanzia hapo Kache hakulala. Asipokwenda mbele ya wazee na tumbo bapa, ukoo mzima utasema ana mimba ya mtu mwingine, na mnazi utarudi Magarini. Hofu ya pili ndiyo iliyomuuma zaidi, na hakumwambia hata rafiki yake Cynthia: kwamba hata kama wazee wasingesema neno, Mwaringa atarudi kutoka kwenye chumvi, amtazame, na yale macho yake yashuke pole pole mpaka kwenye tumbo, yakae hapo.

Vita vikaanza. Alikunywa maji moto na ndimu mpaka ulimi ukachubuka. Alikataa wali wa nazi wa mama yake, jambo ambalo pale nyumbani ni sawa na kuhama dini. Alinunua kwa Cynthia chai ya kuyeyusha tumbo, na chai ile ilimfanya aijue njia ya chooni hata akiwa amefumba macho. Mashavu yakapungua. Mikono ikapungua. Hata vidole vya miguu vilipungua, na nani alivilalamikia? Tumbo lenyewe likabaki pale pale, limetulia kama mtu aliyepewa hati ya shamba.

Na Mwaringa huko aliko akawa anashangaa. Kila akipiga simu ya video, Kache alisogeza kamera juu. Siku moja akamwandikia:

"Kache, siku hizi naona paji la uso tu. Mimi nimechumbia mtu mzima au nimechumbia kipaji?"

Akajibu kwamba simu imeanguka, kamera imeharibika. Mwaringa akaomba kuja Gede mwisho wa mwezi. Kache akasema ana nguo nyingi za harusi za watu. Akaomba tena, akaambiwa ana homa. Mara ya tatu hakuomba. Aliandika tu "Sawa," na wewe unayesoma hapa unajua ile "Sawa" ya mwanamume aliyeanza kuhesabu.

Hivyo ndivyo mkanda wa kubana tumbo ulivyonunuliwa, na hivyo ndivyo Kache alivyotoka chumbani siku ile, mgongo umenyooka kama mlingoti, tumbo bapa kama sinia. Wanawake wakapiga vigelegele. Shangazi Pola alimkagua kutoka juu hadi chini, akafika katikati, akakunja uso kama mtu aliyepoteza ushahidi. Na Mwaringa, amekaa kati ya wazee na shati lake jeupe, alimwangalia kwa macho ya mtu anayetaka kuuliza swali moja tu.

Kwa Wagiriama, wazee wakishamaliza maneno yao yote, binti ndiye mwenye neno. Mnazi, ambao wao huuita uchi, huwekwa mbele yake, naye huulizwa kama unywewe. Akivuta kwa mrija, amekubali, kibuyu hupewa mume mtarajiwa kisha wazee. Asipovuta, safari imekwisha. Mzee Garama, baba mdogo wake Kache, ndiye aliyeshika kibuyu.

"Mwanangu, uchi huu umeletwa na hawa wageni kwa ajili yako. Tunywe, au warudi nao?"

Kache akapiga magoti, kulabu zikalia. Akashika mrija. Akavuta.

Hakikupanda kitu. Ili uvute mrija unahitaji pumzi, na pumzi za Kache zote mbili, ya kwanza na ya akiba, Cynthia alikuwa amezifungia ndani. Akavuta tena. Mnazi ukapanda mpaka nusu ya mrija, ukachungulia, ukarudi zake. Kizunguzungu kikamjia, nyuso za wazee zikawa mbili mbili. Alitaka kusema "ngojeni kidogo," sauti haikutoka. Basi akaachia mrija, akatikisa kichwa.

Ua wote ukageukia kibuyu. Hata kuku.

"Amekataa," mzee mmoja wa Magarini akasema.

Shangazi Pola alikuwa ameshasimama, akawaambia watu kwamba yeye alisema mapema, na kwamba mwenye mimba changa hawezi hata harufu ya mnazi. Maneno hayo yalizunguka ua kwa kasi kuliko kibuyu. Mama yake Kache akauliza mimba gani, wazee wakaulizana kwa macho, na Kache, akiwa bado anatafuta hewa, akaburutwa na Cynthia mpaka jikoni kama gunia.

Kulabu zilikuwa zimekwama. Cynthia akachukua mkasi wa cherehani, akaupasua mkanda kutoka chini hadi juu, *kwaru*, na tumbo likarudi kwao. Kache akavuta hewa kama mtu aliyetoka kuzamia. Simu yake ikalia pale juu ya kinu. Mwaringa.

"Ungeniambia tu kwa simu. Nisingewaleta wazee wangu kutoka Magarini waje kuaibika. Kama kuna mwingine, awe mwema kwako."

Kache akausoma ujumbe mara mbili.

"Yuko wapi?"

"Nimemwona akienda kwenye minazi," Cynthia alisema. "Lakini Kache, utatoka hivyo? Gauni halifungi. Nipe dakika mbili nitafute leso."

Kache alikuwa ameshatoka.

Alipita katikati ya ua, gauni limeachia ubavuni, tumbo limetangulia. Wote waligeuka. Kwa miezi miwili alikuwa ameota hasa jinamizi hilo, na sasa alikuwa ndani yake kwa miguu yake mwenyewe. Mbele ya Shangazi Pola akasimama.

"Shangazi, shikamoo. Mimi sina mimba. Nina tumbo."

Shangazi akafungua mdomo. Aliyemjibu alikuwa mama yake Kache, aliyesoma naye shule moja na hakuwa na sababu ya kumwogopa:

"Na lako wewe, Pola, ni la mwezi wa ngapi? Maana nalijua tangu tukiwa darasa la sita, na bado hatujaletewa mtoto."

Vicheko vikalipuka mpaka upande wa wageni. Hapo Kache akamgeukia Mzee Garama, akasema hakukataa, alikosa pumzi, na anaomba aulizwe tena. Mzee akakuna kidevu. Akasema kwa upole kwamba uchi uliokataliwa hauwekwi mara ya pili, huo utaondoka na wenyewe. Kama anataka kuulizwa, uje mwingine, na uje kabla wageni hawajaondoka.

Dereva, naye, alikuwa ameshawasha.

Kache akakimbia. Alimkuta Mwaringa mwisho wa shamba, amesimama akitazama mbali. Juu kwenye mnazi mmoja alikuwapo Masha, mgema wa pale, ameanza kugema ya jioni.

"Mwaringa, sikukataa."

"Kache, nina macho. Ulitikisa kichwa."

"Nilikosa pumzi. Nilikuwa nimefungwa mkanda."

"Mkanda wa nini?"

"Wa tumbo."

"Tumbo gani?"

"Hili."

Mwaringa akalitazama. Ndiyo yale macho, na yalishuka vile vile alivyokuwa ameogopa, yakakaa hapo. Kache hakulivuta ndani. Alitamani, akaliacha. Akamweleza yote akihema: soko, kiganja cha shangazi, hesabu ya vidole, chai, kamera.

"Kwa hiyo ile homa?"

"Ilikuwa chai."

"Na hakuna mwingine?"

"Mwingine nimpate wapi, na mimi nashinda chooni?"

Kutoka juu ya mnazi kikashuka kicheko. Walikuwa wamemsahau Masha.

"Kache," Mwaringa alisema taratibu, "sikudanganyi kwamba silioni. Nililiona siku ile ya kwanza nilipoleta suruali ipunguzwe. Uliinama kuokota pini, nikaliona. Sikujua ni jambo la kuitia kikao. Miezi hii yote nimekaa kwenye chumvi nikidhani umeniacha, kumbe unapigana na mtu niliyekwisha kumsalimia."

"Ungekuwa wewe ungejificha pia."

Mwaringa akaanza kufungua vifungo vya shati. Chini ya shati kulikuwa na fulana. Akaivua nusu. Chini yake, fulana nyingine. Chini ya hiyo, nyingine tena, na chini ya zote, mbavu ambazo ungeweza kuzihesabu ukiwa upande wa pili wa barabara.

"Fulana tatu?" Kache aliuliza. "Kwa joto hili?"

"Ili mabega yaonekane. Siku zote. Hata siku ile ya suruali."

Kache alimtazama, jasho likimchuruzika mwanamume wa watu kutoka kisogoni. Kicheko kikamwanza tumboni, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili tumbo likacheka bila ruhusa.

"Samahanini," Masha akasema kutoka juu. "Mimi nimeshika kisu, na nyinyi mnanichekesha. Mnaoana au hamuoani? Nasikia gari linapiga honi."

"Tuna shida ya mnazi," Kache alimjibu. "Mpya. Sasa hivi."

"Mfungwa mkanda na mvaa fulana. Mungu ana ghala la vituko," Masha akasema, akaanza kushuka. "Huu hapa bado unatoa povu. Nendeni."

Hawakuwa na kibuyu. Walipewa ile chupa ya plastiki ya mgema, na wakaondoka mbio, Kache ameshika chupa kwa mikono miwili, Mwaringa nyuma yake akivua fulana ya kwanza, kisha ya pili, akizitupa juu ya mihogo. Walipotokea uani, gari lilikuwa limeshageuka na Shangazi Pola amekaa mbele kwa dereva. Mwaringa akasimama mbele ya boneti, amenyoosha mikono, mbavu zinapanda na kushuka chini ya shati lililolowa.

"Shukeni, wazee wangu. Hajamaliza kujibu."

Wakashuka. Cynthia akaleta kibuyu kitupu, mnazi ukamiminwa, Mzee Garama akapewa. Shangazi alibaki garini kwa muda, kisha akashuka, akaja akasimama nyuma ya Kache, akatandika leso yake chini pale pa kupigia magoti. Hakusema pole. Kwa watu wa aina yake, leso ile ndiyo pole yenyewe.

"Mwanangu," Mzee Garama alisema, "uchi huu tunywe?"

Kache akapiga magoti juu ya leso ya Shangazi, akashika mrija, akavuta. Mnazi ukapanda wote, mtamu, wa moto bado kwa jua, ukashuka ukatua tumboni na wote wakaona ulipotua. Akavuta tena, na tena, mpaka mzee mmoja wa Magarini akakohoa kukumbusha kwamba kuna watu wengine wenye kiu.

Akapangusa povu mdomoni, akampa Mwaringa kibuyu.

"Kunyweni," akasema, "na mama, wali wa nazi uko wapi?"