Tochi ya Betri za Rimoti

Haya yalimkuta rafiki yangu fundi umeme, mtu ambaye hata akichelewa nyumbani, uongo wa kumdanganya mkewe humshinda.

Tochi yake ya kuchaji ilikuwa imemchosha, basi akaenda dukani kwa muuzaji waliyezoeana naye, akitaka inayotumia betri ndogo za rimoti, zile zisizokosekana nyumbani. Muuzaji alijaribu tochi kadhaa, moja moja, kwa betri zake za kaunta. Rafiki yangu akachagua nyeusi, nyepesi, ya kuingia mfukoni, akaondoka mbiombio. Kuna mama alikuwa akimsubiri, nyumba nzima haina umeme.

Mchana uleule alikuwa darini kwa mama huyo, anatambaa juu ya mbao katika giza totoro. Akawasha tochi, ikawaka vizuri, akaanza kufuata waya. Mbao zikalia nyuma yake. Akatulia. Zikalia tena, kisha kimya.

Simu ikaita. Alikuwa muuzaji.

"Fundi, mbona umeondoka bila betri? Zile za kujaribia nilizitoa."

"Acha utani, kaka. Mbona inawaka?"

"Ninazo mkononi hapa."

Akatia simu mfukoni, akailaza tochi mapajani, akafungua kifuniko cha nyuma, akaingiza kidole. Hamna kitu. Na mwanga ulikuwa bado umetulia kwenye bati.

Ndipo akasikia swichi ya tochi ikibonyezwa, ta, na giza likarudi. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshika kifuniko. Kidole cha mkono wa pili kilikuwa bado ndani ya tochi.