Mwanasiti na Maswali ya Kulipwa

Kila asubuhi Mwanasiti alimgeuza mama mkwe wake kitandani. Alimfuta uso, akamnywesha uji, kisha akamkanda mkono na mguu wa kushoto kwa mafuta ya nazi. Bi Mboni alikuwa amepata kiharusi, na upande huo haukuwa na nguvu.

Zamani Mwanasiti alikaanga mihogo na kuiuza kando ya barabara, hapo Pongwe. Sasa hakuweza kutoka. Mumewe, Idarusi, alishinda kwenye machimbo ya mawe ya chokaa, na mgonjwa hawezi kuachwa peke yake.

Rafiki yake wa Chumbageni alimwonyesha kazi ya kufanya kwenye simu. Kuna kampuni zinazouliza watu maswali. Unapikia nini? Unanunua sabuni gani? Ukimaliza kujibu, unalipwa kidogo. Mwanasiti alifurahi. Kazi hiyo angeifanya mama akiwa amelala.

Lakini mambo hayakwenda vizuri. Alijibu maswali machache tu, kisha maneno yaleyale yakatokea: "Samahani, hukupata nafasi katika utafiti huu."

"Bando linaisha bure," alimwambia mumewe. "Wananifukuza mlangoni."

"Labda hawataki watu kama sisi," alisema Idarusi. "Kuna mtu kwenye kundi la Watsapu anauza akaunti. Anasema ukiwa nayo hukataliwi kabisa. Tumtumie zile pesa tulizoweka."

"Pesa za kumpeleka mama mazoezi ya hospitali?"

"Zitarudi, mke wangu."

Moyo wa Mwanasiti haukutulia.

Mchana jirani yao Beatrisi alikuja kumjulia hali mgonjwa. Beatrisi alikuwa mwenyeji wa Amani. Kwa miaka mingi alifanya kazi na watafiti, akienda nyumba kwa nyumba kuuliza watu maswali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," alijibu Bi Mboni polepole.

Mwanasiti alimweleza Beatrisi shida yake, akampa simu. Beatrisi alifungua ukurasa wenye taarifa za Mwanasiti, akasoma. Akainua macho.

"Mwanasiti, wewe ni meneja wa benki?"

Mwanasiti alitazama chini. "Niliona kwenye video, dada. Walisema wanapendwa wenye kazi kubwa."

"Na magari mawili?"

"Hayo niliongeza mwenyewe."

Beatrisi alicheka, na Mwanasiti naye akacheka. Hata Bi Mboni alitabasamu kitandani.

"Sasa nisikilize," alisema Beatrisi. "Siku moja kule Muheza tulitafuta nyumba zenye mtoto anayenyonya. Tukifika nyumba isiyo na mtoto, tunashukuru, tunakwenda nyingine. Nyumba ile haina ubaya. Ila siyo tunayoitafuta siku hiyo. Na kwenye simu ni hivyohivyo. Leo wanatafuta meneja, kesho wanatafuta anayepikia mkaa. Wewe umejificha, watakuonaje?"

"Kumbe ndiyo maana! Juzi waliniuliza mambo ya mikopo ya benki, nikababaika. Wakanitoa."

"Lazima. Halafu umri wako hapa ni miaka ishirini na mitano."

"Kwingine niliandika thelathini na nane. Huo ndio wa kweli."

"Majibu yako yanalinganishwa. Yakipingana, unaonekana mwongo. Sema ukweli, na useme uleule kila mara. Tena umeacha maswali mengi wazi. Hapa wanauliza kama nyumbani kuna mgonjwa."

Mwanasiti aliteremsha sauti. "Hayo ni mambo ya ndani."

"Una haki ya kutojibu. Gusa hapa, 'sipendi kusema', na hakuna atakayekulazimisha. Lakini mgonjwa mwenyewe yupo. Muulize."

Bi Mboni alikuwa amesikia yote. "Siri gani?" alisema. "Pongwe nzima iliniona nikibebwa kwenye bajaji. Andika."

Mwanasiti aliuliza pia juu ya yule muuza akaunti. Beatrisi alitikisa kichwa.

"Anayetaka majibu yako ndiye anayekulipa. Wewe humlipi mtu. Ukitumia akaunti ya mwingine na ikigundulika, inafungwa, na ulichochuma kinapotea. Na namba yako ya siri ya pesa za simu usimpe mtu yeyote. Jambo jingine, huu si mshahara. Zipo wiki hutapata kitu."

Jioni Idarusi alirudi, akaelezwa yote. Kisha alitoa simu yake, akajiondoa kwenye lile kundi.

Mwanasiti alirekebisha taarifa zake zote. Aliandika umri wake, mkaa anaopikia, na mgonjwa anayemuuguza. Bado alikataliwa mara nyingine, lakini hakusononeka. Mwaliko ukija aliufungua mapema, kabla nafasi hazijajaa. Alisoma bila haraka. Siku moja alikuta maneno haya katikati ya maswali: "Hapa chagua jibu la pili." Ulikuwa mtego kwa wanaojibu bila kusoma. Alichagua la pili, akaendelea. Maswali yalihusu mkaa na gesi. Alifika mwisho, na malipo yakaingia.

Baadaye ulikuja mwaliko wa watu wanaouguza wagonjwa nyumbani. Mwanasiti alikubaliwa. Alijibu vizuri mpaka swali la mwisho: "Ni kitu gani kingempa mgonjwa wako nafuu zaidi?"

Alitaka kuandika dawa. Kidole chake kikasita. Alimsomea Bi Mboni swali lile.

Bi Mboni alifikiri. "Kutoka nje," alisema. "Nione watu wanapita. Humu ndani natazama mabati tu."

Mwanasiti alimtazama. Alimlisha kila siku, alimwogesha kila siku, lakini hilo hakuwahi kumuuliza. Aliandika jibu kama lilivyosemwa.

Pesa iliingia siku ileile. Lakini yeye na Idarusi walikuwa wakizungumza habari nyingine.

Kesho yake, kabla Idarusi hajaenda machimboni, walimbeba Bi Mboni wawili wao, wakamkalisha barazani kwenye kiti chenye mito. Elizabeti, muuza maziwa, alikuwa akipita na baiskeli. Alisimama ghafla.

"Bi Mboni! Kumbe upo! Shikamoo!"

"Marahaba," alijibu Bi Mboni, kwa sauti ambayo nyumba ile haikuisikia siku nyingi. "Njoo hapa, nipe habari za mjini."