Mteja Aliyelilia Maji

Asubuhi ile Mama Pacha alifungua saluni yake kama kawaida. Alifagia nywele za jana, akajaza ndoo mbili maji, akafuta kioo. Saluni ilikuwa chumba kimoja tu. Ilikuwa na viti viwili, benchi la wateja na redio isiyojua kunyamaza. Lakini wateja walimpenda msusi wao. Mikono yake ilikuwa myepesi, na mdomo wake ndio usiseme.

Hajakaa sawa, mteja wa kwanza akaingia. Alikuwa yule mama mgeni aliyehamia ghorofa ya juu ya nyumba anayoishi Mama Pacha. Mtaa mzima ulijua kwamba anazungumza Kifaransa. Kiswahili hakuwa nacho hata cha kuombea maji.

"Bonjour, madame," mgeni akasema.

"Karibu, dada. Karibu kiti," Mama Pacha akajibu.

Mgeni akaonyesha kopo la dawa ya kulainisha nywele. Kisha akagusa kichwa chake upande wa nyuma, akakunja uso.

"J'ai mal ici," akasema.

"Nianzie hapo? Hakuna shida, dada yangu."

Mama Pacha akavaa glavu, akachota dawa kwa brashi. Akaanza kupaka palepale alipoonyeshwa.

Muda si muda mgeni akaanza kujinyonganyonga kitini.

"Ça brûle," akasema. "Ça brûle, madame!"

"Vumilia kidogo, mpenzi. Utatoka hapa kama bibi harusi."

"De l'eau!" mgeni akapaza sauti. "De l'eau! De l'eau!"

Mama Pacha alisikia "dola". Akaangua kicheko.

"Dola za nini tena? Mimi na dola wapi na wapi? Utalipa tukimaliza."

Ghafla mgeni akaruka. Kiti kikaanguka. Akaikimbilia ndoo, akatumbukiza kichwa chote ndani yake, huku akilia kilio cha kukata maini. Alipoinuka, maji yalimtiririka mabegani. Upande wa nyuma, ngozi ilikuwa imebabuka. Palikuwa pekundu kama nyama mbichi.

Brashi ilimdondoka Mama Pacha. Akasimama pale kama mti. Kisha akamshika mgeni mkono, wakakimbilia zahanati.

Zahanati haikuwa mbali. Nesi wa zamu alikuwa jirani yao, mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu. Alikuwa amesomea kazi yake katika nchi inayozungumza Kifaransa. Hakuuliza maswali mengi. Alimwinamisha mgonjwa chini ya bomba, akamwosha kwa maji mengi ya baridi, muda mrefu. Walikuwa wakisemezana kwa Kifaransa. Mama Pacha alisimama mlangoni, glavu bado mikononi, akiwatazama midomo.

Nesi alipomaliza kumfunga bandeji, akamgeukia.

"Mama Pacha, huyu alikuwa na vidonda kichwani. Mbona ulimpaka dawa? Alikuambia."

"Aniambie mimi? Hakuniambia kitu! Alinionyesha pa kuanzia tu."

"Alisema nini alipokuonyesha?"

"Alisema... kama 'zhe mal isi' hivi."

"J'ai mal ici. Maana yake, naumwa hapa."

Mama Pacha akazitazama glavu zake.

"Na hilo neno 'sabrul'?"

"Ça brûle. Inaunguza."

"Na dola je? Alikuwa anapiga kelele, dola, dola."

Nesi akavua miwani yake.

"Siyo dola, mwenzangu. De l'eau. Maji. Alikuwa anakuomba maji."

Mama Pacha akakaa sakafuni, pale pale mlangoni, wagonjwa wakimtazama.

"Aliniomba maji," akasema polepole. "Ndoo mbili ziko pembeni yangu, zimejaa. Na mimi nikamcheka."

Nyumbani, mume wake naye alipigwa na butwaa. Lakini hofu yake ilikuwa nyingine.

"Usimsogelee kabisa," akasema. "Ukienda kuomba radhi, umekiri kosa. Atatushtaki."

"Acha anishtaki, Baba Pacha. Nitakaaje nyumba moja na mtu niliyemuunguza, nipishane naye ngazini kama sijui kitu?"

"Utamwambia nini sasa? Lugha yenyewe hujui."

Hapo mume alisema kweli. Kesho yake jioni Mama Pacha alibisha hodi kwa nesi.

"Nifundishe," akasema. "Hata kidogo. Nisirudie tena jambo lile maishani mwangu."

Nesi akampa kiti. "Tuanze na salamu," akasema. "Wao wana adabu kama sisi. Huingii tu na shida zako. Mchana sema bonjour. Jioni sema bonsoir. Ukiagana, au revoir. Ukiomba kitu, ongeza s'il vous plaît, yaani tafadhali. Ukipewa, merci."

"Bonzhur. Bonswar. O revwar. Sil vu ple. Mersi," Mama Pacha akarudia, jasho likimtoka kama anayepanda mlima.

Nesi akaandika neno eau kwenye karatasi. "Hili ni maji. Linasomwa 'o'."

Mama Pacha akashtuka. "Herufi tatu, sauti moja? Hizo nyingine zimekwenda wapi?"

"Ndivyo walivyo. Kifaransa usikisome kama Kiswahili. Herufi nyingi zimelala, hasa za mwisho wa neno. Angalia vous, yaani wewe. Hiyo s imelala, unasema 'vu'. Lakini ikifuatwa na irabu, inaamka. Vous avez mal? 'Vuzave mal?' Unaumwa?"

"Makubwa haya!"

"Subiri. Sisi tunasema ninaumwa, neno moja. Wao wanatenganisha. Je ni mimi, avoir ni kuwa na kitu, na kwa je inageuka ai, kwa vous inageuka avez. Je ikikutana na ai inapoteza e yake, inakuwa j'ai. Nina. J'ai mal, nina maumivu. Vous avez mal, una maumivu. Na ukitaka kukanusha, unakibana kitendo katikati, ne mbele, pas nyuma. Ça brûle, inaunguza. Ça ne brûle pas, haiunguzi."

"Kama kipande cha nyama ndani ya mkate."

"Umeshaelewa. Haya, nikuulize. Kitana ni le peigne. Brashi ni la brosse. Kwa nini hiki le, na ile la?"

Mama Pacha akafikiri. "Kitana ni kidogo?"

"Hapana. Majina yao yana makundi mawili. Le ni la kiume, la ni la kike."

"Kitana changu ni mwanamume?" Mama Pacha akashika kiuno. "Na nimekaa nacho miaka yote hii, mume wangu hajui!"

Walicheka mpaka machozi. Kisha nesi akamwambia, "Usishangae sana. Sisi tunasema kiti hiki, mti huu, jiwe hili. Tuna ngeli tele. Wao wanazo mbili tu. Wewe kila neno lijifunze pamoja na le au la yake, basi."

Mama Pacha akaja tena jioni iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Mchana alijisemea maneno yale huku akisuka. Wateja walidhani amepandwa na wazimu.

Siku moja akajikaza, akapanda ngazi hadi ghorofa ya juu. Akagonga. Mgeni akafungua. Kitambaa cheupe kilikuwa bado kichwani. Alipomwona msusi, akarudi nyuma hatua moja.

Maneno yote yalimtoka Mama Pacha kichwani. Akavuta pumzi.

"Bonjour, madame," akasema. "Pardon. Je suis désolée."

Samahani. Nasikitika sana. Neno la mwisho huandikwa kwa e ya ziada anapolisema mwanamke. Haisikiki, lakini nesi alimfundisha hata hiyo.

Mgeni akatumbua macho. Mkono ukaenda mdomoni. Mama Pacha akaonyesha kichwa kile.

"Vous avez mal?"

Machozi yalimlengalenga mgeni. Mwisho akasema, "Un peu." Kidogo. Akasogea pembeni, akamwonyesha kiti ndani.

Toka siku hiyo kazi ya saluni ilibadilika. Mama Pacha hafungui kopo la dawa kabla hajakagua kichwa cha mteja kwa macho na vidole. Akiona kidonda au mkwaruzo, hapaki. Mteja akisema inaunguza, hamwambii avumilie. Anaosha papo hapo, kwa maji mengi ya baridi. Na wanaozungumza Kifaransa wanaanza kuja, maana wamesikia kuna msusi anayeuliza, "Ça brûle?" na kulisubiri jibu.

Ngozi ya mgeni ilipona, nywele zikaota. Alirudi saluni jioni moja, si kwa dawa, bali kusuka. Nesi naye alikuwepo, akingoja zamu yake benchini. Mama Pacha alisuka taratibu, bila kuvuta. Alipomaliza, mgeni akajitazama kiooni, akageuka huku akitabasamu.

"Merci. Tu es gentille."

Mama Pacha alishtuka. Kitana kikamponyoka.

"Nesi! Gentille nimeielewa, anasema mimi ni mwema. Lakini 'tu' ni nini? Vous yangu imekwenda wapi? Nimemkosea nini tena?"

Nesi akacheka, benchi likatikisika.

"Hujamkosea. Nilikuficha neno moja, nikaogopa ungelitumia kwa kila anayepita. Vous ni ya mkubwa wako, ya mteja, ya mtu usiyemzoea. Tu nayo ni wewe. Lakini ni ya mtoto, ya ndugu, ya rafiki."

"Ya rafiki?"

"Ya rafiki."

Mama Pacha akamtazama mgeni. Alitaka kusema mengi, lakini Kifaransa chake hakikufika huko. Akapangusa mikono kwenye aproni, akachagua maneno matatu, akayasema polepole asikosee hata moja.

"Tu es gentille."

Mgeni akasimama, akamkumbatia.